Kutua Chini ya Uluguru: Hatari ya Upepo wa Ubavuni Inaamuliwa Wapi?

Ndege ndogo inapotoka nje ya njia ya kurukia na kulalia bawa kwenye majani, watu wote humgeukia rubani. Ana uzoefu wa miaka mingapi? Alikosea wapi? Mbona mwenzake alitua salama asubuhi ileile, kiwanja kilekile? Maswali haya ni ya haki, na mara nyingi jibu lake ni kweli kwamba mkono wa rubani ulichelewa. Lakini uchunguzi ukiishia hapo unaacha sehemu kubwa ya kisa bila kuguswa. Naona hatari ya kutua katika upepo mkali wa ubavuni huwa imeamuliwa kwa kiasi kikubwa kabla injini haijawashwa. Ameiamua aliyechagua mwelekeo wa njia, aliyepanga saa ya safari, aliyeweka au kuacha kuweka chombo cha kupimia upepo, na yule ambaye gharama ya kugeuza ndege itamwangukia. Eneo la Morogoro linafaa sana kuipimia hoja hii, kwa sababu pale mlima na msimu vinakutana kwa namna inayoweza kukadiriwa mapema, na jambo linaloweza kukadiriwa mapema haliwezi kuitwa bahati mbaya.

Milima ya Uluguru imejipanga takribani kutoka kaskazini kwenda kusini, na mji wa Morogoro umekaa miguuni pake upande wa kaskazini-magharibi, kwenye kimo cha kama mita 500 kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Lupanga, kinachoonekana kutoka karibu kila mtaa, kinapita mita 2,100, na kusini zaidi Kimhandu kinapita mita 2,600. Kuanzia Aprili hadi Oktoba upepo wa kusi hutoka kusini-mashariki, kutoka Bahari ya Hindi, na kuugonga ukuta huu ubavuni. Ushahidi wa jambo hilo uko kwenye mvua. Miteremko ya mashariki, upande wa Kinole na Matombo, hupokea mvua nyingi kupita kiasi, huku Mgeta upande wa pili ikipata pungufu sana na mji wenyewe ukikaa katika kivuli cha mvua. Hewa iliyotoka baharini imelazimishwa kupanda, imemwaga maji yake upande mmoja, kisha inashuka upande wa pili ikiwa kavu na yenye haraka. Rubani anayekuja kutua Morogoro msimu wa kusi anatua katika hewa hiyo inayoshuka.

Hewa ikishavuka mlima haiendi sawasawa. Hufanya kama maji ya mto yanayopita juu ya jiwe: nyuma ya jiwe yanazama, yanainuka, na chini yake yanajikunja na kurudi nyuma. Nyuma ya safu ya milima mikunjo hiyo inaweza kufika karibu na ardhi, na hapo upepo unaweza kugeuka mwelekeo ndani ya mita mia chache. Palipo na bonde kati ya vilele, kama pengo la Bunduki linalotenganisha Uluguru Kaskazini na Uluguru Kusini, hewa hubanwa na kuongeza kasi. Na wakati hayo yanaendelea juu, jua la mchana linachemsha miteremko, na hewa ya bondeni nayo inaanza kupanda mlima kuelekea upande usiofanana na ule wa kusi. Asubuhi inaweza kuwa shwari kabisa. Saa nane mchana pepo mbili zinagombana juu ya njia ileile. Kwenye nyanda za Mikumi, magharibi ya milima hii, kiangazi kinaongeza visulisuli vya vumbi vinavyozaliwa na kufa kwa dakika moja, na hakuna utabiri unaoweza kuvitaja kimoja kimoja. Sidai kwamba kila alasiri ya kusi ni ya hatari. Nadai kwamba tunajua ni alasiri za miezi gani, na tunajua kwa nini.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa hesabu inaeleza zaidi kuliko hofu. Upepo wa kilomita 40 kwa saa ukitokea ubavuni kabisa unaipiga ndege kwa kilomita zote 40. Ukitokea nyuzi 45 kutoka mbele, sehemu yake inayosukuma ubavu ni 28. Ukitokea nyuzi 30, ni 20. Nimechagua kilomita 40 kwa makusudi: ndiyo kasi ambayo wakazi wa pwani wameizoea katika tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wavuvi wanapoambiwa wachukue hadhari baharini. Sasa Cessna 172, ndege ya watu wanne inayofundishia marubani dunia nzima, ilithibitishwa na mtengenezaji katika upepo wa ubavuni wa kama kilomita 28 kwa saa. Cessna 208, ile Caravan inayobeba watalii wetu kutoka hifadhi moja hadi nyingine, ni kama 37. Kwa hiyo upepo unaomfanya mvuvi wa Bagamoyo avute ngalawa pwani, ukiipiga njia ya kurukia kwa ubavu, umeshazipita ndege hizi zote mbili. Tena udogo wa ndege wenyewe ni mzigo. Cessna 172 inayokaribia ardhi kwa kilomita 120 kwa saa, ikipigwa na upepo wa ubavuni wa 28, lazima ielekeze pua karibu nyuzi 14 upande unakotoka upepo ili isihame kwenye mstari. Ndege kubwa ya abiria inayotua kwa kilomita 260 kwa saa, katika upepo uleule, inahitaji nyuzi 6 tu. Abiria aliyezoea ndege kubwa za Dar es Salaam, na akatua ndani yake katika upepo mkali bila hata kufunga gazeti lake, hana kipimo cha kumwambia rubani wa ndege ndogo.

Pembe hiyo lazima iondolewe kabla magurudumu hayajagusa. Rubani anabonyeza kanyagio ili usukani wa mkia unyooshe pua, na papo hapo analaza bawa upande wa upepo ili ndege isichukuliwe. Gurudumu la upande huo ndilo linalogusa kwanza, kisha la pili, na la pua mwisho. Akinyoosha mapema mno, ndege inaanza kusogezwa kuelekea ukingo wa njia ambayo katika viwanja vingi vya hifadhi ni nyembamba. Akichelewa, matairi yanafika chini yakiwa yameelekea kando huku mwili wote wa ndege ukienda mbele, na nguvu hiyo ya pembeni inaishia kwenye miguu ya ndege, ambayo imeundwa hasa kupokea uzito unaotoka juu. Njia ikiwa ya changarawe, tairi linaweza kujichimbia. Na hata baada ya kugusa kazi haijaisha. Mkia mrefu wa wima unakamatwa na upepo na kuigeuza pua ielekee upepo unakotoka; kadiri ndege inavyopunguza mwendo, usukani unakosa nguvu, lakini upepo haujapungua. Cessna zenye mabawa juu ya kichwa huwa katika hatari hii hata zikiwa zinatembea kwenda maegeshoni, kwa maana dharuba moja ikiingia chini ya bawa inaweza kuliinua.

Wapo watakaosema kwamba zile tarakimu za mtengenezaji si mpaka. Ni kweli, na ni pingamizi la watu wanaoijua kazi. Kanuni za Marekani, ambako Cessna hutengenezwa, zilitaka ndege ndogo ioneshwe kuwa inadhibitika katika upepo wa ubavuni usiopungua sehemu ya tano ya kasi ambayo mabawa yake yanashindwa kuibeba. Tarakimu inayoandikwa kwenye mwongozo ni ile iliyopatikana siku za majaribio, na rubani anayeivuka havunji sheria kwa hilo peke yake. Lakini pingamizi hili linaniunga mkono mimi. Ikiwa tarakimu si mpaka, basi mpaka uko wapi, na nani anauweka? Swali hilo liliwahi kuulizwa hadharani. Tarehe 1 Machi 2008 Airbus A320 ya Lufthansa ilijaribu kutua Hamburg, Ujerumani, katika dharuba zilizofika kama kilomita 87 kwa saa, na ncha ya bawa lake ikagusa ardhi. Marubani walinyanyuka tena, wakazunguka, wakatua salama kwenye njia nyingine iliyouelekea upepo vizuri zaidi. Hakuna aliyeumia. Wachunguzi wa Ujerumani walibainisha kwamba marubani kwa jumla hawakuwa na uelewa mmoja kuhusu ile tarakimu ya majaribio: wengine waliichukua kuwa mpaka, wengine kuwa maelezo tu. Waliotua Hamburg walikuwa wataalamu wa shirika kubwa, wenye mnara wa kuongozea ndege, vipimo vya upepo, na njia ya pili ya kutulia. Ondoa vyote vitatu, weka changarawe, na weka mlima wa mita 2,000 jirani: ndipo tulipo.

Tena tarakimu ya mwongozo ni moja tu, na chini ya mlima upepo mkali ni nadra kutulia. Tofauti kati ya kilomita 20 na 40 ndani ya sekunde tatu ni hatari kuliko 40 za moja kwa moja, kwa kuwa mkono wa rubani unasahihisha kosa ambalo limeshapita. Dawa ya kawaida ni kuongeza mwendo wa kukaribia kwa nusu ya tofauti hiyo, yaani kilomita 10 katika mfano huu, ili dharuba ikikatika ghafla ndege isibaki bila nguvu ya kuibeba. Dawa hiyo ina gharama yake. Kutoka kilomita 120 hadi 130 kwa saa ni ongezeko dogo masikioni, lakini nguvu inayopaswa kumalizwa kwa breki inaongezeka kwa asilimia 17, na ndege inaelea zaidi kabla ya kugusa, ikielea katika upepo uleule unaoisukuma kando. Kwenye njia ndefu ya lami hilo linavumilika. Kwenye njia fupi ya changarawe rubani anachagua kati ya kuishiwa nguvu hewani na kuishiwa njia ardhini. Mtu anayemlaumu baadaye kwa kuchagua vibaya aeleze kwanza chaguo zuri lilikuwa lipi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba upepo wa ubavuni hauui watu wengi. Takwimu za ajali za ndege ndogo Marekani, ambako hurekodiwa kwa makini, zinaonesha kwa miaka mingi kwamba kutua ndiko kunakoongoza kwa wingi wa ajali, na kwamba ajali hizo huua kwa nadra. Bawa limepinda, pangaboi limegonga ardhi, abiria wameshuka wakitetemeka, basi. Nakubali. Lakini tutazame pale ambapo ajali hizo huacha kuwa nyepesi. Kabla ya kujipanga na njia, ndege hufanya kona ya mwisho ya nyuzi 90. Upepo wa ubavuni ukiwa unaisukuma kutoka nyuma wakati inaelekea kwenye kona hiyo, inafika mapema kuliko macho yanavyokadiria na inaupita mstari. Rubani anakaza kona ili aurudie: anailaza ndege zaidi, anakanyaga kanyagio kuivuta pua, na mwendo unapungua. Bawa la ndani linashindwa kubeba, ndege inazunguka na kushuka kutoka kimo ambacho hakitoshi kuirudisha. Mahali pengine ni pale anapochelewa kuamua kunyanyuka tena. Ndege imeshaguswa na dharuba, mwendo uko chini, na nguvu yote ya injini inapotiwa kwa ghafla pua inajivuta kushoto na kuinuka. Kama mbele kuna mlima, nafasi ya kugeuka nayo ni ndogo. Katika hali hizi mbili upepo haukuua moja kwa moja, ila ulimwita rubani aokoe utuaji ambao ulipaswa kuachwa. Na kama mlima unaweza kuvunja ndege ya Boeing 707 angani katika siku yenye mwanga safi, kama ilivyotokea karibu na Mlima Fuji, Japani, tarehe 5 Machi 1966, watu 124 wakapoteza maisha, hakuna sababu ya kuuchukulia msukosuko wa nyuma ya mlima kuwa usumbufu wa abiria tu.

Ndipo tunafika kwenye kalamu ya mpangaji. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linapendekeza njia za kiwanja zielekezwe ili kiwanja kitumike kwa asilimia 95 ya wakati au zaidi bila upepo wa ubavuni kuvuka kiwango kilichowekwa: kilomita 37 kwa saa kwa njia ndefu, 24 kwa za kati, na 19 kwa zile ambazo urefu wake wa rejea uko chini ya mita 1,200. Linasema pia upepo upimwe kwa miaka isiyopungua mitano, mara nane kwa siku. Ni pendekezo la busara, na Wilson ya Nairobi, kitovu cha ndege ndogo za Afrika Mashariki, ina njia mbili zinazotofautiana mwelekeo. Lakini kiwanja kidogo chenye njia moja kinaweza kutimiza asilimia hiyo na bado kikawa kibaya. Mwaka una saa 8,760. Asilimia 5 yake ni saa 438. Kama saa hizo zingetawanyika sawasawa, usiku na mchana, kusi na kaskazi, zisingemsumbua mtu. Zikikusanyika kwenye saa tano za kila alasiri, zinatosha alasiri 87, karibu miezi mitatu. Vipimo vya usiku na alfajiri, wakati ambapo upepo umelala na hakuna ndege inayotua kwenye changarawe isiyo na taa, vinaupamba wastani. Na miezi ya kusi, kuanzia Juni, ndiyo miezi ambayo watalii wanajaa Mikumi na Hifadhi ya Nyerere. Kwa hiyo kiwanja kinafaulu mtihani wa mwaka mzima na kushindwa mtihani wa msimu wa kazi.

Zaidi ya hapo, viwanja vingi vya namna hii havina hata mtihani wenyewe. Chombo kinachomhudumia rubani ni mfuko wa kitambaa uliofungwa kwenye mlingoti. Mfuko ni mwalimu mzuri lakini una ukomo: ukifika kama kilomita 28 kwa saa umeshanyooka kabisa, na kuanzia hapo upepo wa 30 na wa 50 vinafanana machoni. Yaani unanyamaza hasa pale tarakimu ya Cessna 172 inapoishia. Mfuko mmoja mwisho wa njia hausemi lolote kuhusu mwisho mwingine, na nyuma ya mlima miisho miwili inaweza kuwa na pepo mbili. Nani agharimie kipimo cha upepo kwenye kiwanja kinachopokea ndege chache, hasa sasa ambapo treni ya reli ya kisasa, SGR, imeiunganisha Dar es Salaam na Morogoro kwa safari fupi tangu Juni 2024? Hoja hii ina mashiko kwa kiwanja cha mji. Haina mashiko kwa Kikoboga kule Mikumi, wala kwa viwanja vya bonde la Kilombero ambako barabara hukatika masika na mgonjwa akasubiri ndege. Kipimo kinachojiendesha kwa sola na kutuma taarifa kwa simu ni kitu kidogo ukikilinganisha na mguu mmoja wa ndege uliovunjika. Faida yake ya pili ndiyo ninayoithamini zaidi: baada ya miaka mitano tungejua alasiri za Agosti zikoje, badala ya kukisia.

Wapo wanaoamini kwamba mafunzo yanatosha. Mafunzo ni lazima, na rubani aliyefundishwa Dar es Salaam kwenye njia ndefu ya lami anahitaji kufundishwa upya kabla ya kupewa abiria wa kuwapeleka chini ya milima. Ila ustadi una tabia ya kuliwa na ratiba. Rubani hodari akipangiwa kutua saa nane mchana kila siku ya kiangazi, hodari huyo atatumia ustadi wake wote kufikia usalama ambao asubuhi angeupata bila jasho. Kuihamishia safari saa tatu asubuhi hakugharimu chochote ila ubishi na hoteli kuhusu muda wa kifungua kinywa na matembezi ya kuangalia wanyama. Kampuni ikiandika mpaka wake yenyewe, kwa mfano theluthi mbili ya tarakimu ya mtengenezaji kwenye changarawe, na kuuhesabia dharuba badala ya wastani, inamwondolea rubani mjadala ambao hapaswi kuufanya akiwa kwenye kimo cha mita 100.

Tarehe 28 Novemba 2023, kwenye kiwanja kilekile cha Kikoboga, ndege mbili za abiria zilipata ajali siku moja: ya kwanza ilipotua, ya pili saa chache baadaye ilipokuwa ikiruka. Wote walisalimika. Sisemi kwamba upepo ulihusika. Nalitaja kwa sababu linaonesha jinsi nafasi ya kukosea ilivyo ndogo kwenye njia ya namna hiyo, na jinsi shughuli inavyosukumwa iendelee hata siku ambayo imeshaharibika. Msukumo huo ndio rubani anaokutana nao akiona mfuko umenyooka kwa ubavu. Nyuma yake kuna abiria waliolipa dola, gari la hoteli limeshawasha injini kando ya njia, na mafuta ya kurudi Dar es Salaam yana bei. Ikiwa ni mgonjwa anayesubiriwa, mzigo ni mzito mara kumi, ingawa ndege iliyolala ubavu haimfikishi mgonjwa yeyote hospitali. Mashirika yaliyo makini huandika kwamba rubani anayegeuza haulizwi sababu. Kuandika hakutoshi kama gharama ya mafuta inarudi kwenye tathmini yake mwisho wa mwezi, au kama abiria hawakuambiwa tangu wanakata tiketi kwamba alasiri ya kusi wanaweza kulala Dar es Salaam na kuletwa Morogoro kwa treni asubuhi, kisha Mikumi kwa gari. Sentensi hiyo moja kwenye tiketi ni ya bei nafuu kuliko hatua zote nilizozitaja hapa, na ndiyo ninayotamani kuiona kwanza.